Je, Ni Haki Kuiacha Dawa kwa Siri?

Liko swali ambalo walimu wetu wa mitaa huulizwa mara kwa mara, tena huulizwa kwa sauti ya chini, watu wengine wakiisha kuondoka. Mtu asema: "Mwalimu, tangu nilipoanza dawa ya akili nimetulia, nalala usiku, nafanya kazi yangu mchana. Lakini kichwa chaniuma kila siku. Je, niiache dawa hii?" Kwa kulisikia tu, swali hili laonekana kuwa la tabibu peke yake, maana lahusu mwili na dawa. Lakini ndani yake limo swali jingine, nalo ni la haki na wajibu. Mtu aliyepewa dawa ana mamlaka gani juu ya mwili wake mwenyewe? Ana deni gani kwa wale wanaokaa naye nyumba moja? Na yule anayeulizwa, ambaye si tabibu, yampasa kujibu nini?

Mtu huyo ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kuvumilia na kunyamaza. Ya pili ni kuiacha dawa bila kumwambia mtu, akaificha chini ya godoro, na kila jioni akamjibu mkewe ya kwamba amekwisha kuimeza. Ya tatu ni kurudi kwa yule aliyempa dawa na kumwambia, "Imenisaidia, lakini kichwa chaniuma, wala sijui kama sababu ni dawa au ni jambo jingine. Tufanyeje?" Njia ya kwanza hufanana na saburi, na ya pili hufanana na uhuru. Lakini tukizitazama vema tutaona ya kuwa zote mbili ni kimya kile kile kilichovaa nguo mbili.

Kwanza yafaa tukumbuke dawa hizi zimetoka wapi, ili tujue thamani ya kitu tunachotaka kukitupa. Katika nchi yetu wagonjwa wa akili walianza kutunzwa Lutindi, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Na mwaka 1927 hospitali ya Mirembe ilifunguliwa Dodoma. Zamani zile watunzaji walikuwa na chakula, kazi ya shamba, utulivu na kufuli. Dawa iliyoweza kuurudisha moyo wa mgonjwa mahali pake hawakuwa nayo. Mwaka 1949 tabibu John Cade wa Melbourne, katika nchi ya Australia, alitangaza ya kuwa chumvi iitwayo lithiamu hutuliza wazimu wa kupanda na kushuka. Mwaka 1952 matabibu Jean Delay na Pierre Deniker wa Paris walionyesha kazi ya klorpromazini kwa watu waliosikia sauti na kuona mambo yasiyokuwapo. Mwaka 1957 Roland Kuhn wa Uswisi aliandika juu ya imipramini, iliyowainua watu waliolemewa na huzuni isiyo na sababu. Tangu hapo watu wengi ambao wangalimaliza siku zao ndani ya kuta wamerudi nyumbani, wakalima, wakafundisha, wakalea watoto.

Basi, hebu tuitazame habari ya mgonjwa wa kwanza aliyepewa lithiamu na yule John Cade. Alikuwa mtu mwenye umri wa miaka 50 na zaidi, aliyekuwa amefungiwa kwa muda mrefu, asiyetulia, mwenye kuwasumbua watu wa hospitali usiku na mchana. Alianza dawa mwezi wa Machi mwaka 1948, na mwezi wa Julai alitoka hospitali, akarudi kwao na kushika kazi yake ya zamani. Lakini huko nyumbani alilegea katika kuitumia dawa yake, mwisho akaiacha kabisa. Haikupita miezi mingi akarudishwa hospitali, hali yake ikiwa kama kwanza. Akapewa tena dawa ile, akapata nafuu tena. Lakini siku zile kipimo cha kuitafuta lithiamu katika damu kilikuwa bado hakijawekwa kuwa desturi, na mwaka 1950 mtu huyo alikufa kwa sumu ya dawa ile ile iliyomponya.

Habari hii ni ya kusikitisha, lakini ina mafundisho mawili, nasi hatuna ruhusa ya kushika moja na kulitupa la pili. Mtu akisema, "Dawa haidhuru, meza unyamaze," amkumbuke mtu huyu alivyokufa. Mtu akisema, "Dawa ni sumu, iache upate raha," amkumbuke alivyorudi katika wazimu baada ya kuiacha. Dawa yenye nguvu ya kuponya ina nguvu ya kuumiza pia, na kwa hiyo yahitaji macho mawili ya kuitazama daima: jicho la yule anayeitoa na jicho la yule anayeimeza. Siku hizi wanaotumia lithiamu hupimwa damu mara kwa mara, na wengi wameishi nayo miaka mingi bila madhara makubwa. Lakini hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha maumivu ya kichwa. Hayo, asipoyasema mwenyewe, hakuna ayajuaye.

Mbona, basi, watu hawasemi? Sababu ya kwanza ni haya. Mtu aliyewahi kuitwa mwenda wazimu hapendi kuonekana tena katika ua wa hospitali ile; yuaogopa atakutana na jirani. Sababu ya pili ni hofu ya kuonekana hana shukrani: amekwisha kusaidiwa, sasa anung'unike tena? Sababu ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, nayo si kosa la mgonjwa. Yuaogopa ya kuwa akisema kichwa chamwuma, ataambiwa, "Hayo ni ya ugonjwa wako tu." Na hofu hii si ya bure. Watu wenye ugonjwa wa akili huwa na shinikizo la damu, na malaria, na meno mabovu, na macho yanayohitaji miwani, kama watu wengine wote. Lakini wakilalamika, mara nyingi maneno yao hupimwa kwa mizani nyepesi. Aliyepoteza akili siku moja hudhaniwa amepoteza ushuhuda wake siku zote. Hapo ndipo jambo la dawa linapogeuka kuwa jambo la haki.

Juu ya haki hiyo uko mfano wa kweli kutoka Uingereza, unaofaa kujulikana na kila anayemtunza mgonjwa. Katika miaka ya mwanzo baada ya 1960 ilitumika huko dawa ya huzuni iitwayo tranilsipromini. Wagonjwa wengine walianza kupatwa na maumivu makali ya kichwa, ya ghafula, mfano wa nyundo. Na baadhi yao walikufa kwa kuvuja damu katika ubongo. Mwaka 1963 Barry Blackwell, tabibu kijana wa hospitali ya Maudsley mjini London, aliandika juu ya maumivu hayo katika gazeti la matabibu. Mtu mmoja wa Nottingham, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza dawa za hospitali, akayasoma maneno yake, akamwandikia barua. Mkewe alikuwa akitumia dawa za namna hiyo, naye aliona ya kuwa kichwa kilimpiga kila alipokula jibini, yaani maziwa yaliyogandishwa na kukaa muda mrefu. Lakini siagi na maziwa hayakumdhuru. Je, yaweza kuwa jibini ndiyo sababu?

Mwanzoni jambo hili lilionekana kama mzaha. Nani aliyesikia kipande cha jibini kumwua mtu? Lakini Blackwell aliendelea kuwauliza wagonjwa walikula nini kabla ya kichwa kuuma, na jibu likawa lile lile mara nyingi. Mwisho sababu ikajulikana. Katika jibini iliyokaa muda mrefu kuna kitu kiitwacho tiramini. Kwa kawaida mwili hukivunja-vunja katika matumbo na ini kabla hakijafika mbali. Lakini dawa ile huizuia kazi hiyo, na tiramini huingia katika damu, ikalipandisha shinikizo la damu ghafula. Tangu hapo kila anayepewa dawa za jamii hiyo huonywa vyakula vya kuepuka, na watu wengi wameokolewa.

Natuangalie neno hili lilivyoanza. Mama mmoja aliumwa na kichwa chake, akasema. Mumewe alimsadiki, akahesabu siku na vyakula, akauliza. Tabibu hakuona haya kulichunguza neno la ajabu kutoka kwa mtu asiye tabibu. Kama mama yule angalivumilia kimya, au angaliitupa dawa kwa siri, labda yeye mwenyewe angalipona maumivu yake. Lakini wengine wangaliendelea kufa bila kujulikana sababu. Maumivu yaliyosemwa yaligeuka kuwa maarifa ya watu wote.

Hapo twafika kwenye kiini cha shauri letu. Mgonjwa na tabibu kila mmoja ana nusu ya ukweli. Mgonjwa yuajua maumivu, lakini hajui sababu yake. Tabibu yuajua sababu nyingi, lakini hajui maumivu. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na neno hilo ni kweli, ila aliyelala kitandani naye hajui kunguni wameingia kwa mlango gani. Anayeiacha dawa kwa siri huamua kwa nusu moja. Anayemwamuru mgonjwa ameze bila kumsikiliza huamua kwa nusu ya pili. Kuuliza na kujibu ndiko kuziunganisha nusu hizo, wala hakuna njia nyingine ya kuziunganisha.

Tuone sasa jinsi jambo hili lilivyo karibu nasi. Tuseme mwanamume mmoja yuatumia lithiamu, na kichwa chamwuma. Kwa kuona haya haendi hospitali. Aenda duka la dawa, anunua ibuprofeni au diklofenaki, kama watu wote wafanyavyo. Hajui ya kuwa dawa hizo huzuia figo zisitoe lithiamu vema, hata ikajaa katika damu. Baada ya siku chache mikono yake yatetemeka, yuatapika, yuapepesuka kama mlevi, maneno yake hayaeleweki, na majirani wasema, "Wazimu wake umerudi." Kumbe ni sumu, naye yuahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Neno moja kwa muuza dawa, "Mimi natumia lithiamu," lingalimwokoa. Lakini haya yalimfunga kinywa.

Au tuseme mwanamke anatumia fluoksetini kwa ajili ya huzuni. Dawa hii huwaletea wengi maumivu ya kichwa katika majuma ya kwanza, nayo mara nyingi hupungua yenyewe. Angaliuliza, angaliambiwa angoje kidogo, au kipimo kibadilishwe. Badala yake aiacha dawa yote siku moja. Kuacha ghafula dawa nyingi za huzuni huleta kizunguzungu, kukosa usingizi, na maumivu ya kichwa pia, naye akiyaona hayo husema, "Tazama, sumu ile bado imo mwilini mwangu." Hivyo aona ushahidi mahali pasipo ushahidi, na baada ya miezi michache huzuni yamrudia.

Tena si kila maumivu ya kichwa hutoka kwa dawa ya akili. Yaweza kuwa shinikizo la damu, macho, meno, malaria, njaa, kukosa usingizi, au kahawa aliyoizoea na kuiacha. Mtu amezaye dawa za maumivu kama parasetamoli au aspirini siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi zaidi ya 3, aweza kuumwa na kichwa kwa sababu ya dawa hizo zenyewe. Azidi kumeza ili apone, na kumeza kwazidi kumwumiza. Na iko dawa iitwayo amitriptilini, itumikayo kwa ugonjwa wa huzuni, ambayo kwa kipimo kidogo matabibu huitumia kuzuia maumivu ya kichwa yanayorudi-rudi. Dawa ya moyo, basi, yaweza kuwa dawa ya kichwa. Nani atakayeyapambanua haya akiwa peke yake chumbani, na hofu yake, na taa imezimwa?

Kwa hiyo aendaye kuuliza na ajiweke tayari. Achukue makasha ya dawa zake zote, pamoja na zile za dukani na za miti shamba, asifiche hata moja. Aandike, au mtoto wake wa shule amwandikie: kichwa kilianza lini; chauma upande gani; saa ngapi baada ya dawa; amekula nini; amelala saa ngapi; dawa ya maumivu amemeza siku ngapi katika mwezi. Mama mwenye mimba, au anayetazamia kupata mimba, alitaje hilo kwanza, kwa maana ziko dawa za akili zinazomdhuru mtoto tumboni. Na mpaka atakapopata jibu, asiiache wala asiipunguze dawa kwa shauri lake mwenyewe.

Lakini ziko ishara ambazo hazingoji siku ya zamu ya daktari. Kichwa kikipiga ghafula kwa nguvu isiyopata kuonekana. Kikiuma pamoja na homa na shingo kukakamaa. Mkono au mguu ukilegea, au kinywa kikipinda. Macho yakififia au kuona vitu viwili. Mtu akichanganyikiwa au kupatwa na kifafa. Au kichwa kikiuma baada ya kuanguka: apelekwe hospitali siku ile ile, hata usiku.

Yabaki maneno kwa anayeulizwa. Mwalimu, mzee wa kanisa, mama wa jirani, mtasikia swali hili, maana watu huwaendea wanaowaamini kabla ya kuwaendea wenye maarifa. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku saba bila kusema neno, na hapo walikuwa rafiki wema. Walipoanza kumweleza sababu ya maumivu yake ndipo walipokosa. Mwalimu anayesema, "Iache dawa, utapona kwa imani," amebeba mzigo usio wake, na ukianguka hautamwangukia yeye. Paulo alimwombea Timotheo, lakini alimshauri pia juu ya tumbo lake; na Luka, mwenzake, alikuwa tabibu. Kuomba na kwenda hospitali hakujapata kugombana. Jibu la haki la mwalimu ni fupi: "Nakusadiki ya kuwa waumwa. Mimi sijui sababu. Twende pamoja kwa yule ajuaye."

Na matabibu na wauguzi, ambao wengine wao husoma ukurasa huu, nao wana deni. Mgonjwa wa akili akisema kichwa chamwuma, na apimwe shinikizo la damu na joto la mwili na macho yake, kama angalivyopimwa mwalimu mkuu wa shule. Neno la kwanza lisiwe "ni akili yako". Anayejibiwa hivyo mara moja hatauliza mara ya pili, na dawa itakwenda chini ya godoro.

Mtu aweza kusema: "Mwili ni wangu. Nikichagua kuwa na huzuni kuliko kuumwa na kichwa, nani atanizuia?" Neno hili lina uzito, wala sitalidharau. Ni kweli ya kuwa mgonjwa mwenye akili timamu ana haki ya kuikataa dawa, na tabibu mwema humsikiliza, akamtafutia dawa nyingine au kumpunguzia polepole, kidogo kidogo, akimwangalia. Lakini haki ya kukataa si haki ya kudanganya. Mke anayeamini ya kuwa mumewe anatumia dawa hulala na mlango wazi, hamtazami, hajiandai. Akijua dawa imeachwa, ataziona dalili za kwanza mapema, naye atamwita ndugu wa kumsaidia. Siri humnyang'anya nafasi hiyo. Basi anayetaka kukataa na akatae mchana, mbele ya tabibu na mbele ya mtu mmoja wa nyumbani. Hapo amekuwa mtu huru kweli.

Mwisho, tusijifanye kana kwamba kuuliza ni jambo jepesi kwa kila mtu. Hospitali yenye tabibu wa akili iko mbali na wengi wetu. Nauli ni ya siku nyingi za kazi, na foleni ni ndefu. Mahali pa kuanzia ni zahanati iliyo karibu, kwa muuguzi, ambaye aweza kupima, na kupiga simu, na kuandika barua ya kumpeleka mgonjwa mbele. Lakini nauli haipatikani kwa mawaidha. Mtaa unaochanga kwa ajili ya msiba waweza kuchanga kwa ajili ya safari ya mtu aliye hai. Mzee mmoja amsindikize, amshikie nafasi katika foleni, na akumbuke maneno ya tabibu ambayo mgonjwa kwa uchovu wake ataweza kuyasahau. Na wakirudi, asiyatangaze.